Wameweka picha ya kijana kwenye grupu la mtaa wakiuliza tairi. Mimi ndiye admini, nifanyeje?

Fundi_Mama ameandika:

Habari za usiku wakuu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili linaninyima usingizi. Vitu viwili vitatu nimevibadilisha ili mhusika asijulikane.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu huku Tandika. Ni admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Tulilianzisha kwa ajili ya maji, taka, ulinzi shirikishi na misiba. Maji yakikatika watu wanaulizana, mtu akifiwa tunachanga. Mjumbe yumo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa yumo, wamo wapangaji, bodaboda wa kijiweni na mama wa genge.

Jumapili usiku baba mmoja mwenye familia yake, ambaye tunasalimiana kila asubuhi, akaweka picha ya kijana ninayeshona naye. Aliitoa kwenye stetasi ya huyo kijana mwenyewe. Kavaa shati la kitenge tulilolishona pamoja, ana hereni sikio moja, anacheka. Chini yake akaandika kwamba huyu ni shoga, anaharibu watoto wa mtaa, na anapatikana "pale kwa fundi, karibu na mashine ya kusaga." Majibu yakaanza kumiminika. Mmoja akaweka emoji za moto. Mwingine akatuma voisi anafoka kwamba watu kama hawa hawafai kuachwa mtaani. Kuna mama ambaye kijana huyu alimshonea watoto wake sare za shule kwa mkopo shule zilipofunguliwa, naye akaandika "ndiyo maana, nilikuwa nashangaa." Halafu mwingine akauliza, "Tairi lipo?"

Sisi wa Dar wote tunajua tairi linaulizwa la nini: ni la kumchomea mtu.

Matusi nimeyazoea, mtaa ni mtaa. Kilichonitetemesha ni kwamba ule ujumbe ulikuwa na sura ya mtu na mahali pa kumkuta. Mjini hapa tumeshaona mtu anapigiwa kelele za mwizi, na kabla hajauliza kaiba nini ameshalazwa chini. Kesho yake gazeti linaandika "wananchi wenye hasira kali" na hakuna hata mmoja mwenye jina. Ujumbe wa Jumapili ni kelele ile ile, tofauti ni kwamba aliyeipiga alikuwa amejilaza kitandani kwake.

Nilifuta picha, nikafunga grupu tuandike maadmini tu. Asubuhi nikaamkia maneno: admini kala hela za wazungu, admini anawaficha, labda na yeye yumo. Mume wangu anasema niachane nalo nisije nikajiponza.

Sasa nashindwa pa kuanzia. Aliyeweka picha nimtoe? Nikimtoa atafungua grupu lake, na huko sitaona wanapanga nini. Niandike nini ambacho mtu mwenye dini yake atakisoma mpaka mwisho bila kusema nahubiri ushoga? Na sheria je, itamlinda huyu kijana, au nitakuwa nimempeleka mimi mwenyewe akawekwe ndani?

Tafadhali asiniulize mtu kama ni kweli au si kweli. Sijamuuliza na hajaniambia. Ninachojua ni kwamba kukata kola ananishinda mimi niliyemfundisha.

---

Mzee_wa_Kijiwe:

Pole fundi. Mimi sifichi, ushoga siukubali, dini yangu haiukubali na uzi huu hautanibadilisha. Lakini kufunga grupu umekosea. Watu wana haki ya kukemea wanachoona ni uovu. Ungewaacha waseme, hasira zingeisha zenyewe.

---

Fundi_Mama:

Shikamoo mzee wangu. Nakujibu kwa heshima zote.

Sijamwomba mtu yeyote akubali kitu. Mama yangu mzazi anasema hayo hayo unayosema, na nakula naye sahani moja. Mtu akiandika "dini yangu inakataza", ujumbe wake siufuti, ni imani yake. Lakini yule aliyetaja kibanda hakuwa anakemea, alikuwa anaelekeza njia. Na aliyeuliza tairi hakuwa anajadili. Unasema hasira zingeisha zenyewe. Zingeisha lini mzee wangu, kabla hawajafika kwangu au baada ya kufika?

---

Msaidizi_Sheria:

Dada Fundi, nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria hapa hapa Temeke. Nitakueleza kama ambavyo ningekueleza ukiwa umekaa mbele yangu.

Naanza na upande mchungu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaadhibu kile inachokiita kuingiliana kinyume cha maumbile, na tangu marekebisho ya 1998 adhabu yake ni kifungo cha maisha, au kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Hofu yako basi ina msingi, kwa sababu mtu anaweza kuingia kituoni kama mlalamikaji akajikuta yeye ndiye anahojiwa. Ila elewa kwamba kifungu kinahusu tendo, tena la kuthibitishwa mahakamani. Hakuna sheria inayosema hereni ni kosa, wala neno la jirani si ushahidi.

Upande wa pili kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 17 kinahusu chuki lakini kinataja rangi, nasaba, utaifa, kabila na dini, kwa hiyo usikitegemee. Shika kifungu cha 23, kinachokataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumtisha mtu, kumnyanyasa au kumtia majonzi. Faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hakiulizi aliyetishwa ni mtu wa namna gani. Na kutishia kumdhuru au kumuua mtu ni kosa pia kwenye Kanuni ya Adhabu, liwe limesemwa barazani au kwenye simu.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Kilichotajwa kwenye ule ujumbe ni kibanda chako. Kwa hiyo wewe mwenyewe ni mlalamikaji halali, kijana si lazima aonekane kituoni kabisa. Maelezo yako yawe mafupi: mimi ni admini, mtu ametaja sehemu yangu ya biashara, mwingine akaulizia tairi, naogopa watu watakuja kuua na kuchoma mali yangu. Askari akianza kuuliza maisha ya kijana, mrudishe kwenye tairi. Nenda na mtu mzima anayeheshimika, usiende peke yako.

Na kwenye grupu watumie Katiba, ibara ya 14. Inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Hilo neno jamii limo kwenye ibara yenyewe, sijaliongeza mimi.

Atakayekwambia "kwa kuwa sheria inakataza, tuna ruhusa ya kuwaanika", mweleze ya Kampala. Oktoba 2010 gazeti moja kule lilichapa picha na majina ya watu likitaka wanyongwe. Sheria ya Uganda nayo ilikuwa kali, lakini watu watatu walikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2011 jaji akaamua kwamba gazeti limevunja utu na faragha yao, kwani kinachokatazwa ni tendo na hakuna aliyethibitishiwa tendo lolote. Mmoja wa wale watatu, David Kato, alipigwa nyundo nyumbani kwake tarehe 26 Januari, wiki chache tu baada ya hukumu, akafa. Polisi walisema ulikuwa ugomvi mwingine, na muuaji akafungwa miaka 30. Vyovyote iwavyo, tangu sura yake ichapwe mpaka siku ile alikuwa anaishi na vitisho.

---

Fundi_Simu_Kkoo:

Mimi nakupa ya simu tu.

Ukifuta kama admini ujumbe unapotea kwa wote, lakini waliokwisha kuuhifadhi wanao. Kwa hiyo tafuta haraka mwenye nakala ya maongezi ya Jumapili, piga skrinishoti zionyeshe namba ya mtumaji, tarehe na saa, na jina la grupu. Jina pekee halitoshi, mtu anabadilisha jina dakika moja. Ile voisi usiifute. Zitunze sehemu mbili, na usimtumie mtu yeyote kabla hujaziba sura ya kijana, la sivyo na wewe unaisambaza.

Siku nyingine kabla ya kufuta bonyeza ujumbe kwa muda, chagua Ripoti. Ukimripoti mtu au grupu, WhatsApp wanapokea jumbe tano za mwisho, na aliyeripotiwa haambiwi. Ikipelekwa TikTok au Facebook, ripoti huko huko kama uonevu au vitisho, asiripoti mtu mmoja tu, ripotini wengi.

Kijana abadilishe mpangilio, picha ya profaili na stetasi zionwe na namba anazozichagua yeye. Na apitie picha zake za zamani zilizo wazi, hasa zinazoonyesha mlango wa anapolala.

Kumtoa aliyeweka? Mimi ningemwacha. Ukishamtoa humwoni tena.

---

Muuguzi_K:

Mnanikumbusha 2018. Nilikuwa kliniki moja ya Kinondoni. Tarehe 29 Oktoba Mkuu wa Mkoa wa wakati ule alitangaza kamati ya kuwasaka mashoga hapa Dar, akawaambia wananchi wamtumie majina. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Ukihesabu kwenye kalenda haifiki hata wiki moja.

Ila mimi nilikuwa nakaa na mafaili. Watu waliokuwa wanakuja kuchukua ARV bila kukosa, kadi zao zilianza kubaki kwenye sanduku. Mmoja alimtuma dada yake na kadi ya kliniki. Yule dada hakujua hata dawa ni za nini, akaniuliza kama kaka yake ana kifua kikuu. Nikampa maelezo ya jinsi ya kumeza tu, mengine si yangu kumwambia. Wengine sikuwaona tena, na hapo taarifa ya wizara ilikuwa imeshatoka zamani.

Kwa hiyo fundi, hata ukifanikiwa kufuta, usidhani kijana amerudi kama alivyokuwa. Angalia kama anakula. Angalia kama analala. Kama ana dawa yoyote anayotumia, mtafutie njia ya kuipata bila kupita pale kijiweni.

---

Mpita_Njia_9:

Huwa nasoma tu humu, leo naandika. Mimi ni mmoja wa hao mnaowaongelea. Niliwahi kuwekwa picha kwenye grupu la tuliosoma pamoja.

Waliotukana nimeshawasahau karibu wote. Siwasahau wengine. Niliandika "naombeni mfute", halafu nikabonyeza ujumbe wangu kuangalia nani kausoma. Yakaja majina. Mtu tuliyelala bweni moja miaka minne. Mtu niliyembebea begi siku anaumwa malaria. Wamesoma, wamenyamaza. Grupu zima akanipigia mmoja tu, tena tuliyekuwa hatujazoeana. Hakuwa na la kusema. Aliniuliza niko wapi na kama nimekula, basi. Nikahama nyumba usiku ule kwa bajaji aliyoilipia yeye.

Nina mambo mawili, dada Fundi, na naomba usinielewe vibaya kwa sababu unachofanya hakuna aliyenifanyia.

Kwanza, umetuuliza sisi wote. Mweke chini na yeye umuulize anataka nini. Huenda hataki polisi. Huenda anataka aondoke wiki mbili tu, au anataka abaki akae pale pale kwenye cherehani yake waone hajakimbia. Maisha ni yake.

Pili, kwenye ujumbe wako usije ukaandika "mnamsingizia, huyu ni kijana mzuri." Najua itakujia mdomoni. Ukiandika hivyo umewaambia kwamba wangekuwa hawajasingizia, waendelee na tairi lao. Na usimtetee kwa kola. Siku atakayoharibu kitambaa cha mtu bado hatakiwi kuchomwa.

---

Mzee_wa_Kijiwe:

Fundi, nimesoma yote, pamoja na ya huyu kijana wa mwisho. Msimamo wangu wa dini uko pale pale. Ila la tairi halimo kwenye dini yoyote ninayoijua mimi, na nilipoandika mara ya kwanza sikulipa uzito wake.

Nikushauri kitu kimoja cha wazee. Aliyeweka picha usimjibu kwenye simu. Mfuate kwake baada ya isha, uende na mtu mzima ambaye hawezi kumkatia kauli. Mtu anayefoka mtandaoni ukimkalia kwenye mkeka wake, watoto wake wanapita pale, anaongea lugha nyingine.

---

Fundi_Mama:

Wakuu, nimerudi. Asanteni sana, wengine hamjui mmenibeba kiasi gani.

Kijana nilimuuliza. Tulikuwa tumefunga kibanda nusu, yeye anafumua mkono wa gauni. Alisema polisi hataki kwa sasa, anataka nakala zitunzwe, na anataka ile picha iache kutembea. Alisema pia kwamba angependa niache kumwangalia kila dakika kama mgonjwa. Amehamia kwa shangazi yake kwa muda, mikono na kola namtumia na bodaboda ninayemwamini, anashonea kule. Mpita Njia, nilimsomea maneno yako. Aliniomba nirudie pale pa kola.

Grupu nililifungua, nikaandika hivi:

"Ndugu majirani, hili ni grupu la kulindana. Jumapili hapa iliwekwa picha ya mtu, pakatajwa anapofanyia kazi, na mtu akauliza tairi. Kibanda kilichotajwa ni changu. Katiba ibara ya 14 inasema kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Jamii ni sisi. Kila mmoja abaki na imani yake, sitamuuliza. Lakini atakayeweka hapa picha ya mtu ili atafutwe, au atakayetishia kumdhuru mtu yeyote, ujumbe wake utafutwa na nakala itakwenda kituoni. Nakala za Jumapili zipo, na namba zote zinaonekana. Maisha ya mtu mwingine sitayajadili hapa."

Wapo waliojitoa. Kuna aliyeandika kwamba sasa grupu limekuwa la wazungu. Mjumbe alikaa kimya mpaka nikakata tamaa naye, halafu usiku akaandika "Naunga mkono," maneno mawili tu, na baada ya hapo watu wengi wakaanza kuweka dua na kuulizia gari la taka. Aliyeuliza tairi alinipigia akisema alikuwa anatania. Nikamwambia aandike hivyo hivyo kwenye grupu, hajaandika mpaka sasa.

Mama wa sare alikuja kibandani na zipu iliyoharibika. Akasimama. Akaniuliza yule kijana yuko wapi, nikamjibu yupo salama. Akalipa deni lote la sare, akaondoka na zipu yake mkononi bila kuniachia niitengeneze. Sikujua nimwambie nini na sikumwita.

Ushauri wa Mzee niliufuata. Nilikwenda na babu mmoja anayeswalisha hapa mtaani, na mume wangu akaja pia, ingawa alikuwa wa kwanza kuniambia niache. Yule baba alianza kwa ukali. Babu akamuuliza, "Wakija kumchoma pale kwa fundi, wewe utakuwa umesimama wapi?" Hakujibu. Baadaye ndipo akasema ile picha hakuitoa kwenye stetasi kama nilivyodhani. Mwanawe aliipata kwenye grupu la vijana wa mpira, upande wa pili wa reli, na maneno ya kuharibu watoto yalikuwa yameshaandikwa huko. Yeye aliongeza mahali tu. Hilo "tu" lake nimeondoka nalo, na nakala ya ujumbe wake bado ninayo.

Kwa hiyo nilichofuta mimi ni tawi. Bado ipo huko ilikotoka na watu wanaendelea kuitumiana. Kama kuna mtu humu yumo kwenye magrupu ya mpira ya vijana upande huo wa Temeke, au anamjua admini wa mojawapo, naomba aniandikie faragha, asitaje jina hapa. Simtafuti aliyeianzisha. Nataka admini wa huko aifute na afunge grupu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi wana mechi, na uwanja wanaochezea uko nyuma ya mashine ya kusaga.